Doh Imeshuka Sauti Moja

Leipzig, 4 Mei 1980

Shangazi Ferista,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza: ndiyo, ninakula, ndiyo, soksi ulizonifumia bado ninazo, na hapana, sijaanza kuvuta sigara. Baridi imekwisha. Miti ya mbele ya bweni letu imetoa majani yote kwa wiki moja, utadhani imepewa amri na mwenyekiti wa kijiji. Nisalimie kanisa zima, nisalimie Tupokigwe wa kwaya na mumewe. Picha ya mtoto wao nimeibandika ukutani, na Wajerumani wote wa chumba hiki wanasema amefanana na mimi. Sijui wanaona nini.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Andongwisye, mwenzangu wa Tukuyu aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Amemaliza, anarudi nyumbani. Nimempa pia sahani moja ya santuri, nimeizungushia fulana mbili na gazeti ili isivunjike. Ukiifungua usishtuke: jina lililoandikwa chini ya picha ya okestra ni langu. Ndiyo, Shangazi. Ni mimi ninayepiga.

Sasa nikueleze unachokwenda kusikia, maana najua hupendi kusikiliza kitu usichojua Doh yake, ile sauti ya msingi. Ni koncheto ya viola. Koncheto ni mtu mmoja anasema, kundi zima linamjibu, kama wewe na kwaya siku ya mazoezi, ila huku hakuna anayefokewa. Viola ni fidla iliyonenepa; sauti yake ni alto, sauti yako mwenyewe. Mtunzi ni mtu wa zamani, ana miaka karibu mia mbili kaburini, na jina lake litakuumiza ulimi. Vipande ni vitatu. Cha kwanza Doh ni D, mwendo ni mapigo 108 kwa dakika, nacho ni cha furaha: mtu katoka nyumbani asubuhi, ana safari nzuri, viatu vipya. Cha pili Lah ndiyo D, kinakwenda polepole, kina huzuni kidogo lakini si cha kulia. Cha tatu Doh inarudi D, na hapo hata mchungaji atatikisa mguu.

Nina ombi moja tu. Baba aisikie. Huu mwaka wa nne sijapata mstari mmoja kutoka kwake. Maneno yake ya mwisho pale stesheni ya Mlowo unayajua, ulikuwa umesimama katikati yetu: kwamba kukwaruza nyuzi si kazi, na nisimwandikie mpaka nijue kazi. Simlaumu. Alinitafutia nafasi chuo cha kilimo, mimi nikaenda kwingine. Lakini sahani si barua. Muwekee asikie, halafu uniambie alisema nini, hata kama ni tusi.

Mwanao,
Lusubilo


Iyula, Mbozi, 13 Julai 1980

Lusubilo mwanangu,

Marahaba. Soksi za mwaka sabini na sita bado unazo? Basi huzivai, mwongo wewe.

Sisi ni wazima. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo, umande hauondoki mpaka saa nne. Kahawa imeiva yote kwa mkupuo, utadhani ilisikia kuna mashindano. Tunachuma, tunamenya, tunaosha, tunaanika, na Jumatano ni shamba la kijiji, hakuna cha mgongo unauma. Sukari imeadimika. Sabuni ukiwa hapa unasikia iko Tunduma. Ukifika Tunduma unaambiwa iko Mlowo. Raphaeli wa besi ana mafua ya wiki ya tatu, na tangu ayapate ndiyo kwanza anaimba besi ya kweli.

Andongwisye alifika salama. Kijana mzuri, ana adabu, alikula ugali kama mtu aliyekuwa jela. Sahani haikuvunjika.

Sasa nikusimulie. Gramafoni ya kanisa ipo, inakula betri sita kubwa, na betri dukani hatujaziona tangu Pasaka. Hizi tulizonazo zinaanikwa juani pamoja na kahawa, kule kwenye vichanja vya baba yako maana ndivyo vinavyopata jua la kwanza. Zikipata joto zinaamka. Sahani nyingine hatuna, zile za mzee mchungaji zilipasuka zote siku tulipohamishiwa kijijini. Kwa hiyo ya kwako ilingojewa kama bibi arusi. Jumapili baada ya ibada kwaya nzima ilijaa kwangu, nikaweka sindano.

Lusubilo, nani amekufa?

Usinizungushe. Umeimba kwangu tangu una miaka tisa, sheria ya kwaya yetu unaijua. Tukienda kwenye msiba, Doh naishusha sauti moja nzima na mwendo naupunguza, kwa sababu watu waliolia tangu jana hawawezi kupanda. Hapa Iyula mtu akipita njiani akasikia wimbo anaoujua umeshuka, anavua kofia kabla hata hajauliza ni nani. Haya, wewe umeniandikia D ukanipigia C! Nilikigonga kile kichuma changu cha ncha mbili, kinachotoa C, ambacho hakijawahi kunidanganya, nikakisimamisha juu ya meza. C yake na Doh yako vikakaa pamoja, hapana hata unywele katikati. Na huyo mtu wako wa viatu vipya, mwanangu, huyo hana safari nzuri. Huyo anakwenda kuchimba kaburi.

Tupokigwe alilia. Raphaeli akasema, "Huyu kijana kuna jambo limempata, ametuambia kwa namna yetu." Watu waliondoka, wengine wakaniachia pole mlangoni, na mimi sijui pole hiyo ni ya nini.

Kwa hiyo nakuuliza na unijibu. Ni mwenzako wa bweni? Ni mwanamke? Una mtoto huko aliyefariki na hukutuambia? Mimi ndiye niliyekulea baada ya mama yako kututoka, huwezi kuwa na msiba peke yako.

Kahawa ya baba yako mwaka huu imezaa kuliko ya kila mtu.

Shangazi yako,
Ferista


Leipzig, 10 Agosti 1980

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika kwa wiki nne. Huku ni likizo, bweni ni tupu, nimebaki mimi na Mvietnamu mmoja anayekaanga vitunguu saa zote. Mwambie Raphaeli asipone upesi.

Hakuna aliyekufa. Sina mwanamke, wala mtoto. Nilipiga D na nilipiga 108. Tulikuwa watu ishirini na wanane mle ndani. Mimi siwezi kushuka peke yangu, na wao hawawezi kushuka wote kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja. Labda kichuma chako kimezeeka. Labda mlianza na upande wa pili wa sahani, ambako kuna kile kipande cha polepole. Waambie watu warudishe pole zao.

Masomo yanaendelea vizuri.

Umeniandikia habari za kahawa ya Baba. Mimi sikuuliza kahawa, Shangazi.

Lusubilo


Iyula, 7 Septemba 1980

Lusubilo,

Wazima. Mvua bado. Tupokigwe ana mimba nyingine. Salamu zimekwisha, nina hasira.

Kichuma kimezeeka! Chuma kinazeeka? Na mimi Ferista, niliyefundisha kwaya miaka ishirini na mbili, sijui upande wa kwanza wa sahani? Nilikwenda kwenye kozi ya walimu wa kwaya Rungwe ukiwa bado unajikojolea, na kule tulifundishwa kupima mwendo kwa kamba na jiwe: kamba fupi jiwe linabembea upesi, kamba ndefu linabembea polepole. Basi nikakata kamba ya 108, nikafunga jiwe, nikalitundika kwenye mwimo wa mlango, nikaweka sahani yako. Jiwe likaenda mbele, muziki ukabaki nyuma unahema. Nikarefusha kamba. Nikarefusha tena. Jiwe na muziki vilipotembea pamoja nikapima: 96. Hiyo ni hesabu, si hisia za mwanamke mzee.

Halafu nilifanya jambo jingine. Nimezitoa barua zako zote kwenye sanduku, nikazisoma upya kuanzia ya kwanza. Tangu umefika huko, kila barua yako ina yule mwalimu wako wa viola, mwenye masharubu, anayekula tufaha mpaka mbegu. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kacheka vile, mwalimu kanishika mkono. Barua ya Januari yumo. Tangu Februari hayumo. Hata katika koncheto yenyewe hukunitajia alisema nini. Na sasa unaniandikia "masomo yanaendelea vizuri", maneno matatu, kama mtu anayejaza fomu ya serikali.

Amekufa huyo mzee? Niambie tumwombee. Hapa hatubagui Mjerumani.

Baba yako mgongo unamsumbua lakini kahawa yake anaichambua mwenyewe. Ukiniuliza tena nitakujibu tena hivyo hivyo, kwa sababu sina jibu jingine la kukupa, na jibu baya sitaki liwe na mwandiko wangu.

Shangazi yako


Leipzig, 1 Oktoba 1980

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Majani yameanza kuanguka. Nimevaa soksi zako leo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, umeshinda.

Mwalimu hajafa. Anakula matufaha yake kama kawaida. Aliniita Februari, akafunga mlango, akaniambia mkono wangu wa kushoto umechelewa. Wenzangu walishika fidla wana miaka sita. Mimi nilishika ile ya kanisa nikiwa na kumi na tisa. Alisema nitakuwa mpigaji wa wastani maisha yangu yote, na shule haina nafasi ya mpigaji wa wastani. Alisema kwa upole sana, na afadhali angenitukana. Anayeondoka darasani anaruhusiwa kurekodi kitu kimoja na okestra ya wanafunzi, kama kumbukumbu. Ndiyo hiyo sahani. Ilikuwa kwaheri yangu, mimi nikaituma kwenu kana kwamba ni ushindi.

Nilidhani nimepiga kwa furaha. Tangu siku ile sijaisikiliza, sina moyo huo. Jinsi watu wote walivyoshuka mpaka C sijui, siwezi kueleza. Lakini wewe hukosei, kwa hiyo nimeamini kwamba mkono ulisema nilichokuwa naficha. Kweli kuna kilichokufa, Shangazi. Uliposikia msiba, uliusikia sawasawa.

Tangu Machi niko karakana ya shule. Natengeneza. Zinakuja fidla zilizopasuka tumbo, viola zilizong'oka shingo, vinanda vilivyoliwa na panya. Kutwa niko na randa, patasi na gundi, na mzee wa karakana anasema mkono wangu unaona mbao. Nikuambie ukweli wote: nafurahi nikiwa kule. Aibu inanishika nikitoka nje. Juni mwakani napata cheti, lakini ni cheti cha fundi. Kanisa lilinisindikiza stesheni kwa tarumbeta nane ili nirudi mwanamuziki. Nitashuka kwenye treni na sanduku la patasi? Na Baba amesimama pale anasema, nilikuambia?

Wamenipa karatasi. Wanataka nibaki karakana miaka mingine mitatu. Natakiwa kusaini kabla ya mwaka mpya. Nikipata neno kutoka nyumbani kwamba nina mlango wa kuingilia, sitasaini. Nikipata habari za kahawa, nitaelewa, wala sitakulaumu.

Mwanao,
Lusubilo


Iyula, 5 Oktoba 1980

Lusubilo mwanangu,

Kaa chini. Naandika barua hii bila kungoja jibu lako, na leo salamu zitakuja mwishoni kwa sababu nina aibu.

Unamkumbuka Bashiri, yule Mtanga mwenye lori, anayekaa kijiji cha Mpemba, karibu na Tunduma? Siku hizi anabeba mahindi, amekuwa Mtunduma kabisa, akikuta mtu anamsalimu Kibemba, "Mulishani, mukwai", hata sisi tusiojua Kibemba. Wiki iliyopita nilimwambia nina sahani ya mwanangu na betri zimechoka. Jana kapitia hapa na betri mpya sita, kazipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikaziweka. Nikaweka sindano.

Mwanangu, nilidhani mashine imepata kichaa! Muziki ulitoka mbio, umenyooka, umechangamka, hata Bashiri aliyekuwa anakunywa maji akakohoa. Nikakimbilia kichuma. Nikakigonga. Doh yako imeiacha C chini, imekaa D, vilevile ulivyoniandikia. Nikaleta kamba na jiwe. Mia moja na nane. Nikaketi sakafuni, nikacheka mpaka nikalia.

Mimi nijuavyo, betri ikichoka redio inanong'ona. Nani angejua kwamba santuri inashuka Doh na kutembea kwa magoti? Zile zetu za kuanika juani zilikuwa zinakuzika kila Jumapili, na mimi nikakuandikia barua mbili za kukuita mwongo. Nisamehe. Kichuma hakikukosea, ila mwenye kichuma ni mjinga. Huyo mtu wako kweli ana viatu vipya. Nimewaambia kwaya, wamerudisha pole zao, na Raphaeli sasa anadai yeye alijua tangu mwanzo.

Lakini nisikilize, maana si hilo tu. Umeniuliza mara mbili juu ya baba yako nami nikakupa kahawa. Ukweli ni kwamba tangu uondoke hajalitaja jina lako. Nikianza habari zako anatoka. Siku za sahani hakuingia hata mara moja. Alikuwa anakaa barazani kwake, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, ananoa jembe. Jembe hilo limenolewa tangu Julai, Lusubilo, limebaki nusu. Nami sikutaka kukuandikia kwamba baba yako alitunyima hata masikio.

Jana, muziki ulipoanza kwenda mbio, alisimama. Akaja mpaka mlangoni kwangu, na jembe mkononi, akasema, "Mmemfanya nini huyo mtoto? Nani amewaambia mumkimbize?"

Bashiri akamweleza habari ya betri. Hakutaka kuelewa. Akauliza zile za zamani ziko wapi. Nikamwambia nimezitupa shimoni kwenye takataka. Unajua alifanya nini? Alikwenda akazitoa shimoni, zote sita, akazifuta kwa shati lake. Ndipo nikajua. Miezi hii yote nilidhani ni Tupokigwe anayezianika asubuhi na kuziingiza jioni, kwa kuwa yeye ndiye anayenisaidia kahawa. Nikamuuliza. Kasema yeye hajawahi kuzigusa hata siku moja, alidhani ni mimi. Na vichanja ni vya baba yako.

Haya, salamu. Wote wazima. Usinikasirikie.

Shangazi yako mjinga,
Ferista


Iyula, 16 Novemba 1980

Lusubilo mwanangu,

Barua yako ya tarehe mosi Oktoba imefika juzi. Imeshinda Dar es Salaam wiki tatu, mhuri unaonyesha. Hii Bashiri anaipeleka mwenyewe mpaka posta ya Mbeya, nimemwapisha. Mvua zimeanza, tumepanda mahindi, Tupokigwe hajambo. Imetosha.

Kwanza wewe. Umekiri kwangu jambo ambalo mimi sikulisikia! Nilisikia betri. Kumbe ulikuwa unaumia tangu Februari na nisingejua mpaka nife, kama si ujinga wangu. Sijui nicheke au nikuchape. Eti utashuka na sanduku la patasi, aibu. Aibu ya nani? Kinanda cha kanisa kina miaka sita hakitoi sauti, panya wamezaa ndani. Hizo tarumbeta nane zilizokusindikiza sasa zinalia tatu, nyingine zina mashimo tumeyaziba kwa nta. Kwaya za Mbozi yote, mpaka Chitete huko, vyombo vinakufa na hakuna wa kuvigusa. Wapigaji tunao. Hata Raphaeli anapiga. Mlango kwangu uko wazi, hilo usiniulize tena.

Lakini najua si mlango wangu unaouuliza.

Niliichukua barua nikaenda kwa kaka yangu. Alikuwa anashona gunia. Nikamwambia, "Barnaba, leo hutoki, nitakusomea mpaka mwisho." Nikasoma yote. Pale pa mwalimu hakuinua kichwa. Pale pa aibu hakuinua. Nilipofika karakana akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Randa?"

"Randa."

"Na patasi?"

"Na patasi, na gundi."

"Na anasema anafurahi."

"Ndivyo alivyoandika."

Akaendelea na gunia. Nikaona nikishashika moto niushike wote, nikamwambia na langu: kwamba ile fomu ya kuombea masomo niliijaza mimi, kwa siri, yeye akiwa mnadani. Miaka minne limenikaa kifuani. Akanitazama kama mtu anayeangalia mbuzi. Akasema, "Kwani mwandiko wako siujui?"

Basi nikangoja. Nikaanza kukunja barua, na moyoni nimeshakata tamaa, nafikiria nitakuandikia nini mimi, nianzie wapi. Ndipo akainuka, akaleta ngazi.

Unazijua zile mbao za mninga zilizo darini kwake. Kila mtu kijijini anajua ni za nini. Alizipasua mwaka ule mama yako alipotutoka akakosa mbao za jeneza, tukamzika kwa kuazima. Akasema yeye hatamsumbua mtu siku yake ikifika. Miaka kumi na tano tunapita chini ya mbao hizo na hatutazami juu. Alipanda, mgongo ule mbovu, nikimwambia ngoja tuite watu anasema nyamaza. Alizishusha zote sita. Akazilaza uani, akazifuta vumbi kwa kiganja, akagonga moja kwa kidole, akainamisha sikio. Akagonga nyingine.

Akaniuliza, "Zinafaa?"

Nikasema, "Kwa kitu gani?"

"Kwa kazi yake."

Nikamwambia sijui, mimi ni mwalimu wa kwaya. Akasema, "Basi leta kalamu." Haya yanayofuata ni maneno yake, mimi ni mkono tu. Sahihi ni yake mwenyewe.

Lusubilo. Nimesomewa habari zako. Hapa kuna mbao sita za mninga, zimekauka vizuri, hazina fundo, futi sita na nusu kila moja. Nilikuwa nimezipangia kazi nyingine. Kazi hiyo naona haina haraka. Kama zinafaa hicho kinanda au hiyo viola, chukua. Kama hazifai, tutatengeneza meza yako ya kufanyia kazi, itakaa barazani kwangu. Usisaini karatasi ya watu. Shangazi yako hajui kupima mbao, na mimi kipimo cha huko sikijui. Njoo uzipime.

Barnaba, baba yako